Uso wa Kristo wa Sinai: kwa nini nusu moja haifanani na nyingine?

#1 Mpanda Majabali
Wakuu, salaam.

Nimerudi kutoka Sinai, kwenye monasteri ya Mtakatifu Katarina, chini ya Jebel Musa, yaani Mlima wa Musa, huko Misri. Mambo ya usafiri nitawajibu wenye kuuliza. Kilichonileta hapa ni picha moja.

Kwenye chumba cha makumbusho cha watawa kuna ikoni (picha takatifu) ya Kristo, ubao wa urefu wa sentimita 84 na upana wa 45 na ushee, kazi ya karne ya 6. Wengi mmeiona mtandaoni: kanzu ya zambarau iliyokolea mpaka inakaribia weusi, mkono wa kulia unabariki, wa kushoto umebeba kitabu kinene chenye jalada la vito.

Sasa mtazameni usoni. Upande wa kushoto kwako wewe unayetazama, nyusi imetulia, shavu limejaa, ana upole wa mtu anayekusikiliza. Upande wa kulia, nyusi imepanda kwa upinde, jicho lina kivuli, shavu limebonyea, sharubu na pembe ya mdomo vimeshuka. Huyo anataka kukuuliza jana usiku ulikuwa wapi.

Mwongozaji wetu alisema "asili mbili, Mungu na mtu", akaendelea na safari yake. Mimi sijaridhika. Ni makusudi, ni mkono uliteleza, au kuna jambo jingine?

#2 Nyota ya Kigoma
Nakaa siti ya mbele. Wajuzi njooni.

#3 Njeri wa Riruta
Mimi ni Morthodoksi wa kuzaliwa, hapa Nairobi, na nimelelewa karibu na ile seminari yetu yenye jina la Makarios III. Nakala ya ikoni hiyo iko karibu kila parokia yetu.

Mwongozaji wako hakukosea, alikuwa mvivu tu. Mtaguso wa Kalkedoni, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 451, ulitangaza kwamba Kristo ni nafsi moja katika asili mbili, bila kuchanganyika na bila kutengana. Ugomvi uliofuata uligawa Wakristo wa Misri na Siria kwa karne nyingi. Monasteri ikajengwa na Kaisari Justinian, na Justinian alikuwa upande wa Kalkedoni. Kwa hiyo ubao wa karne ya 6 wenye uso mmoja na sura mbili si ajabu. Ni imani imepakwa rangi.

Tena angalieni mikono. Mkono unaobariki uko upande wa uso mpole. Kitabu, ambacho kwetu ni Injili na pia ni hukumu, kiko upande wa uso mkali.

#4 Fundi Brashi
Dada Njeri, hapo kwenye mikono naomba nikukatishe. Mtu hubariki kwa mkono wa kulia, basi kitabu kitakaa wapi kama si kushoto? Kuna ikoni nyingi za baadaye zenye mikono hiyo hiyo, lakini uso umenyooka pande zote. Mikono haithibitishi uso.

Mimi ni mchoraji, naishi kwa brashi hapa Dar. Nawaeleza ninachokiona.

Picha hii haikuchorwa kwa rangi ya yai kama ikoni nyingi mnazozijua. Ni nta ya nyuki: unaiyeyusha, unatia rangi, unaipaka ikiwa ya moto kwa brashi au kwa kijiko cha chuma. Nta haikusubiri. Ukichelewa inaganda, kwa hiyo unajenga ngozi kwa mipigo mifupi, mmoja juu ya mwingine. Kuzeni picha mtazame shingo na paji la uso mtaiona mipigo yenyewe, waridi, manjano, kijani kidogo. Ndiyo maana anaonekana ana damu mwilini, wakati ikoni za baadaye ni mistari mitupu.

Ufundi huo Misri waliujua kabla. Kule Fayum, kati ya karne ya 1 na ya 3, maiti walizikwa na picha zao za nta juu ya ubao, wamefunikwa nazo usoni. Zitazameni: nyingi nusu moja ina mwanga, nusu ya pili ina kivuli, na jicho moja ni kubwa kuliko jingine. Mchoraji alijifunza kuchora mtu aliyekaa pembeni mwa dirisha. Huyu wa Sinai ni mtoto wa shule hiyo hiyo. Mwanga unatoka kushoto kwetu, basi. Theolojia mmeileta ninyi baadaye.

#5 binti_kisauni
Nimefanya jaribio kwa simu. Nimekata picha katikati, nusu ya kushoto nimeigeuza kama kwenye kioo nikaiunganisha na yenyewe, na ya kulia vivyo hivyo. Wanatoka watu wawili! Wa kwanza kijana mpole mwenye uso mpana. Wa pili mzee mwembamba, mkali, ungemkuta benki ungebadilisha dirisha.

Fundi, kivuli peke yake hakipandishi nyusi.

#6 Kaka Mkubwa wa Tabora
Binti, fanya hivyo kwa picha yako ya pasipoti halafu urudi utuambie umewapata dada zako wangapi.

#7 binti_kisauni
Nimefanya. Sitaki kuzungumza.

#8 Kaka Mkubwa wa Tabora
😂😂 Ndiyo hoja yangu hiyo. Hakuna binadamu mwenye nusu mbili sawasawa. Labda mchoraji alikuwa na mtu wa kweli mbele yake.

#9 Mtazama Nyaraka
Hoja zote nzuri, ila mmesahau historia ya ubao wenyewe.

Ikoni hii kwa karne nyingi ilikuwa imefunikwa. Katika zama za kati mtu aliipaka rangi upya karibu yote, na wataalamu waliiona ni kazi ya karne ya 13. Mwaka 1962 ndipo rangi ya juu ilipoondolewa, ile nta ya kale ikatokea chini. Na ubao umepunguzwa juu na pembeni, maana yake hatuioni kama alivyoiacha mchoraji.

Kwa hiyo kabla ya kusema "mchoraji alitaka hivi", tuulize kwanza: je, nusu zote mbili zimetufikia katika hali moja? Rangi ikikwanguka sehemu moja zaidi ya nyingine, unapata sura mbili bila mtu yeyote kutaka.

Pia Njeri kataja Justinian. Ni sahihi, ila nawaongezea tunavyojua, kwa sababu watu hubandika tarehe tu. Kwenye boriti za dari ya kanisa kuna maandishi yaliyochongwa: moja linamwombea Kaisari Justinian wokovu, jingine linamkumbuka malkia Theodora kama marehemu. Theodora alifariki 548, Justinian 565. Basi dari iliwekwa kati ya miaka hiyo. Boriti bado ziko pale.

#10 Fundi Brashi
Mtazama Nyaraka, nakuheshimu ila hapana. Rangi ikikwanguka unapata doa au ubao mtupu. Hupati nyusi iliyopinda kwa mstari safi wala sharubu iliyoshuka kwa utaratibu. Hicho ni kitu kilichochorwa. Tunabishana kuhusu kwa nini kilichorwa, si kama kilichorwa.

#11 Yohana wa Kariakoo
Nasikia hii ndiyo picha ya kwanza kabisa ya Yesu duniani, na iliigwa kutoka kitambaa kilichobandikwa usoni pake. Ndiyo maana iko hivyo, uso wake ulikuwa na majeraha upande mmoja.

#12 Mtazama Nyaraka
Si ya kwanza. Kule Dura Europos, Siria, ilipatikana michoro ya ukutani ya karne ya 3 inayomwonyesha Yesu, hana hata ndevu. Ya Sinai inahesabiwa kuwa ya kale zaidi tuliyonayo kwa mtindo huu wa Pantokrator, yaani Mwenyezi, anakutazama uso kwa uso na kitabu mkononi. Mambo ya kitambaa waachie wanaoyapenda.

#13 Abu Nasra, Cairo
Assalaam alaikum wote. Mimi ni Mzanzibari, nasoma hapa Misri, nimefika pale na wenzangu wa chuo. Sina la kusema kuhusu nyusi. Ila nashangaa hakuna aliyeuliza swali kubwa zaidi: kwa nini picha hii ipo?

Wakristo wenyewe walizichoma ikoni! Makaisari wa Konstantinopoli walipiga marufuku picha katika karne ya 8, zikarudishwa 787, zikapigwa marufuku tena 815 mpaka 843. Ikoni za kabla ya hapo zilizosalia duniani ni za kuhesabika, na sehemu kubwa ziko Sinai. Sababu? Sinai ilikuwa tayari ndani ya dola ya Kiislamu. Amri ya kaisari haikufika. Mtetezi mkubwa wa ikoni, Yohana wa Damasko, naye aliandika akiwa chini ya utawala wa Kiislamu wa Bani Umayya. Kaisari angemshika vipi?

Watawa wenyewe wanaonyesha nakala ya hati wanayosema Mtume (SAW) aliwapa ya ulinzi, yenye alama ya kiganja. Husemwa kwamba ya asili ilichukuliwa na Sultani Selim I alipoiteka Misri 1517. Wanahistoria wengi wana shaka na hati hiyo, lakini watawala wengi waliiheshimu, na hilo ndilo lililowasaidia watawa.

Na ndani ya kuta hizo kuna msikiti, wa zama za Wafatimi. Mnara wake umesimama mkabala na mnara wa kengele.

#14 Njeri wa Riruta
Shukrani Abu Nasra. Na kwenye kikanisa cha kile kichaka kilichowaka moto, nyuma ya altare, unaingia miguu mitupu kama Musa alivyoamriwa. Mimi nilifika nikidhani nitaona Wazungu tu na kamera, nikawakuta Mabedui wa pale wanafanya kazi za nyumba ile kama yao.

#15 Abu Nasra, Cairo
Naam, Mabedui hao huitwa Jabaliya. Kwa simulizi yao, babu zao waliletwa na Justinian kutoka pande za Bahari Nyeusi kuilinda nyumba hiyo, baadaye wakasilimu. Ulinzi hawakuuacha.

#16 Mzee Kiduku
Mnawasifia bure. Isingekuwa ukuta hakuna hati ingewaokoa. Mawe ya matale, urefu wa ghorofa kadhaa, na kwa karne nyingi hapakuwa na mlango wa wageni: ulivutwa juu kwa kamba, umekaa kwenye kikapu. Jangwa pande zote, kuna jeshi gani la kuhangaika na watawa na mbuzi zao? Umbali na ukuta. Hayo mengine mapambo.

#17 Abu Nasra, Cairo
Mzee wangu, jangwa lilikuwa na misafara kila mwaka, si mwezini pale. Ukuta wa mawe hauzuii watu miaka elfu moja na mia nne kama jirani hataki uwepo.

#18 Nyota ya Kigoma
Hao watawa si Wakopti? Misri si ni Wakopti?

#19 Njeri wa Riruta
Hapana. Ni Wagiriki, Waorthodoksi wa upande wa Kalkedoni, na mkuu wao ni askofu mkuu wa Sinai. Wakopti ndio waliokataa Kalkedoni. Ndiyo maana nasisitiza: mahali pale, wakati ule, "asili mbili" haikuwa maneno ya mwongozaji wa watalii. Watu walifukuzwa kwenye viti vya uaskofu kwa sababu yake.

#20 Fundi Brashi
Swali moja tu kwa Njeri. Nusu ipi ni Mungu na ipi ni mtu?

#21 Njeri wa Riruta
Nilifundishwa upole ni ubinadamu, ukali ni uungu.

#22 Mpanda Majabali
Mwongozaji wetu alisema kinyume! Kwamba ile iliyotulia, isiyo na mikunjo, ndiyo ya mbinguni, na ile iliyochoka ndiyo ya mtu aliyeteseka.

#23 Fundi Brashi
Nimekaa kimya, wakuu. Kama picha ni somo la dini na wanafunzi hawajui nusu ipi ni ipi, mwalimu alifundisha nini?

#24 Njeri wa Riruta
Asili mbili bila kutengana, kaka. Ukitaka kuzikata katikati kwa mkasi kama binti_kisauni, umeshapotea. Unaangalia uso mzima.

#25 binti_kisauni
Mimi nimeingiaje tena?

#26 Padri Mstaafu
Amani kwenu. Mimi ni Mkatoliki, nilikwenda na kundi la mahujaji. Kuna maelezo ya tatu ambayo hayahitaji mtaguso: mtu anayesali. Mtawa anasimama mbele ya picha hiyo akiwa na dhambi za siku nzima, siku nyingine ana furaha. Picha yenye uso mmoja tu ingemjibu jambo lile lile kila mara. Hii inampa huruma na hukumu bila kuondoka ukutani.

Tena tazameni na jirani zake. Pale kuna ikoni nyingine ya nta ya karne ya 6, Bikira Maria ameketi na Mtoto kati ya Theodoro na Georgi. Watakatifu wawili wanakutazama moja kwa moja. Maria macho yake yameelekea pembeni, hakutazami. Malaika nyuma wamegeuza shingo juu, ambako mkono wa Mungu unatoka. Mchoraji kapanga nani anakutazama na nani hakutazami. Watu wa namna hii mtaniambia nyusi iliwaponyoka?

#27 Kaka Mkubwa wa Tabora
Padri kafunga mjadala.

#28 Fundi Brashi
Hajafunga. Ila hiyo ya macho ya Maria ni hoja, nakubali kuifikiria. Macho yanapangwa. Lakini hata fundi anayepanga macho bado anapiga kivuli upande mmoja kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Mambo yote mawili yanaweza kukaa ubao mmoja.

#29 Chande wa Jeddah
Mnajadili picha, wakati mlima wenyewe si huo. Mlima wa Musa halisi uko huku Saudia.

#30 Mzee Kiduku
Huyo naye. Fungua uzi wako.

#31 Mtazama Nyaraka
Kabla Chande hajatuhamisha, nani ameiona pale ile ikoni ya Ngazi? Karne ya 12. Yohana wa Ngazi alikuwa mkuu wa nyumba hiyo katika karne ya 7, akaandika kitabu cha hatua 30 za kumkaribia Mungu, na mchoraji akazichora.

#32 Mpanda Majabali
Nimeiona! Ngazi inakata dhahabu yote kutoka kushoto chini kwenda juu kulia. Watawa wanapanda kwa foleni. Juu kabisa Yohana mwenyewe, Kristo anampokea. Na pembeni vishetani vidogo vyeusi tii, vyembamba, vimeshika kamba na kulabu na pinde, vinawavuta watu. Mmoja kamba iko shingoni tayari, kichwa chini miguu juu. Nilichopenda ni kwamba wanaoanguka nao ni watawa, wana ndevu na kanzu zile zile. Si wapagani wala maadui.

#33 Padri Mstaafu
Na wa pili kwenye ngazi, aliyevaa nyeupe, ni askofu mkuu Antonios. Wengine husema ndiye aliyeigharimia. Mtu akilipia picha anajipangia nafasi nzuri.

#34 Kaka Mkubwa wa Tabora
Kama mwenyekiti wa kamati ya harusi kwenye picha ya maharusi 😂

#35 Yohana wa Kariakoo
Na ile Biblia ya kale waliyoibiwa? Nasikia Mjerumani aliikuta kwenye kapu la takataka akaiokoa.

#36 Mtazama Nyaraka
Hayo ya kapu ni maneno ya Tischendorf mwenyewe, na watawa wanayakataa mpaka leo. Alifika 1844 akaondoka na karatasi 43, ziko Leipzig. Akarudi 1859, akaondoka na sehemu kubwa, ikafika kwa mfalme wa Urusi. Watawa wanasema iliazimwa, na kuna hati yake ya kuahidi kurudisha. Warusi wanasema ilitolewa zawadi, na kuna hati ya 1869. Mwaka 1933 serikali ya Sovieti ikaiuzia Uingereza kwa pauni 100,000. Leo karatasi 347 ziko London. Watawa wamebaki na 12 na vipande, walivyovikuta 1975 nyuma ya ukuta ulioporomoka ndani ya nyumba yao.

#37 Mzee Kiduku
Kwa hiyo ukuta ulizuia majeshi, ukashindwa na mtu mmoja mwenye barua ya utambulisho.

#38 Abu Nasra, Cairo
Leo Mzee umesema.

#39 Nyota ya Kigoma
Tuacheni hayo ya London. Mimi nataka kwenda. Mpanda Majabali, unafikaje, na kweli hawaruhusu picha?

#40 Mpanda Majabali
Wengi hutokea Sharm el Sheikh, kama saa tatu kwa gari, au Dahab ambako ni karibu zaidi. Kuna vizuizi vya polisi njiani, pasipoti iwe mkononi. Nyumba hufunguliwa asubuhi tu, tuliingia saa tatu na kabla ya saa sita walikuwa wanatutoa. Ijumaa na Jumapili wamefunga. Uani piga picha utakavyo, ndani ya kanisa na makumbusho hapana, na wanafuatilia kweli.

Vaa nguo ndefu, mwanamke na mwanamume. Ukitaka kupanda mlima, ni mita 2,285, watu huanza usiku wa manane ili walione jua likichomoza. Kuna njia ya ngamia na kuna ngazi za mawe, huitwa ngazi za toba, zaidi ya 3,700. Mimi nilipanda kwa njia ya ngamia nikashuka kwa ngazi, magoti bado yananidai. Beba koti zito, juu kule baridi inakata.

#41 Njeri wa Riruta
Na ukiingia kanisani usiangalie dhahabu za taa tu. Inua macho nyuma ya altare, kuna mozaiki ya Kugeuka Sura, ya karne ya 6 nayo. Eliya na Musa wamesimama, Yohana na Yakobo wamepiga magoti, na Petro yuko chini ya miguu ya Kristo amelala, ndiyo kwanza anashtuka. Kiongozi atakuharakisha. Usikubali.

#42 Nyota ya Kigoma
Ahsanteni. Nikipita pale kwenye kichaka naruhusiwa kuchukua jani?

#43 Mpanda Majabali
Wageni walichuma sana zamani, siku hizi matawi yamewekwa mbali na mikono. Na nilipokwenda, karibu na kichaka hicho kulikuwa na mtungi wa kuzimia moto. Sina maelezo, msiniulize.

#44 Kaka Mkubwa wa Tabora
Mods, uzi upandishwe ukurasa wa mbele. Fundi Brashi na Njeri waendelee, mimi naleta kahawa.